Wavuvi wa flai na mshipi Kanda ya Ziwa: lida zenu mnazitunzaje zisitatane?

#1 Kasia_Refu
Habari za jioni wakuu. Swali langu ni la wanaovua kwa flai, yaani chambo chepesi cha manyoya, ila wa mshipi wa mkono na wa ndoano za kutega nao karibuni, maana naamini ugonjwa ni mmoja.

Jumamosi nilikuwa kwenye mawe ya Igombe, saa moja kasorobo asubuhi. Upepo hakuna, wale wadudu wa ziwani wameinuka kama moshi, na sato wanagusa juu ya maji kando ya magugu, tup, tup. Lida, ule uzi mwembamba wa kufungia chambo, iliyokuwa kwenye fimbo ilikwaruzwa na jiwe, nikaikata. Nikafungua kopo la biskuti ninamoweka za akiba. Zilikuwa kumi na moja. Nilizikunja mwenyewe Alhamisi, kila moja duara lake, ncha nimezungushia mara tatu. Nikavuta moja, zikatoka zote kumi na moja zimeshikana kama kiota cha mnana.

Nilikaa juu ya jiwe dakika ishirini na tano. Nilipopata moja ya kutumia, jua lilikuwa limeshapanda na sato wameshuka. Niliokoa mbili. Tisa nilizikata kwa mkasi, na hizo tisa ni jioni tatu za kazi yangu.

Kwa wasiojua: kwenye flai chambo ni manyoya na uzi tu, hakina uzito. Uzito wa kurusha uko kwenye uzi mkuu, mnene, wenye ganda la plastiki. Kati ya uzi huo na chambo inakaa lida, kama mita 2.7 hivi ya nailoni, kichwani nene kama milimita 0.5 halafu inaendelea kupungua mpaka 0.2 au 0.15 mkiani. Ikinyooka vizuri, chambo kinatua kama unyoya. Ikijikunja, kinatua kama kokoto na sato wanakimbia.

Mnazitunzaje?

#2 Msomaji_wa_Kirumba
Uzi kuhusu nyuzi. Nimekaa mkao wa kusoma.

#3 Mzee_wa_Kayenze
Mwangaluka wanangu.

Mimi flai siijui, ila nimelelewa kwenye ndoano za kutega. Baba yangu alikuwa anatega ndoano mia tatu kwa usiku mmoja, kamba mama moja, na kila baada ya pima moja kuna tawi lenye ndoano na kitoto cha mumi (kambale) kikiwa hai. Kamba ya namna hiyo ikitata usiku katikati ya ziwa, na mawimbi yameanza, utaiachia huko huko.

Alikuwa anafanya hivi. Beseni la plastiki, ukingo wake amelifunga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Kamba mama inashuka ndani ya beseni kwa mizunguko, inalala yenyewe bila kubanwa. Kila akifika kwenye ndoano, anaichoma kwenye ule mpira wa ukingoni, ya kwanza kushoto kwake, inayofuata pembeni yake, mpaka beseni linakuwa na meno pande zote. Kesho wakati wa kutega anaanzia ile ya mwisho kuchomwa na kurudi nyuma. Ilikuwa marufuku mtoto kugusa beseni lile. Niliwahi kuchomoa ndoano moja tu kwa kuchezea, nikairudisha mahali pasipo pake. Usiku huo alirudi na kamba nusu. Hakunipiga, alinikalisha nikaitatua yote mpaka mchana.

Kwa hiyo kopo lako halina kosa, mwanangu. Kosa ni kulaza nyuzi kumi na moja chumba kimoja bila kila mmoja kuwa na kitanda chake.

#4 Mwalimu_wa_Fizikia
Mkuu Kasia_Refu, kuna watu walishalifanyia utafiti jambo lako. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Dorian Raymer na Douglas Smith, walitia uzi ndani ya sanduku, wakalizungusha, wakafungua kuangalia. Walirudia mara 3,415. Uzi ulijifunga mafundo wenyewe ndani ya sekunde chache, na aina za mafundo walizozitambua zilifika 120.

Kilichonivutia ni urefu. Uzi wa chini ya sentimita 46 karibu haukujifunga kabisa. Kuanzia hapo hadi mita moja na nusu uwezekano ulipanda haraka, kisha ukatulia kwenye nusu kwa nusu hata walipouongeza urefu. Lida yako ni mita 2.7, maana yake imeshapita pale pabaya siku nyingi.

Maelezo yao ni kwamba ncha iliyo huru inapita juu na chini ya mizunguko jirani, mara huku mara kule, kama mtu anayesuka ukili. Hakuna mkono unaosuka, mtikisiko wenyewe unatosha. Na walipotumia sanduku dogo zaidi mafundo yalipungua, kwa sababu uzi ulibanwa na kuta ukakosa pa kuchezea.

Kutoka kwako mpaka Igombe ulienda na usafiri gani?

#5 Kasia_Refu
Bodaboda. Kopo lilikuwa kwenye begi mgongoni. Na ile barabara ukishapita uwanja wa ndege mnaijua wenyewe.

#6 Mwalimu_wa_Fizikia
Basi hiyo bodaboda ndiyo sanduku la San Diego.

#7 Fundi_Umeme_Igoma
Mwalimu nakuheshimu, ila uzi wa sanduku lile ulikuwa umelegea. Kasia_Refu kasema alikunja duara na ncha akazifunga. Tatizo lilianza mkononi kabla hata ya kopo.

Mimi nakunja waya wa umeme kila siku ya Mungu. Ukiuzungushia mkononi kwa duara, kila mzunguko unaingiza msokoto mmoja kamili ndani ya waya. Mizunguko kumi, misokoto kumi. Ukiwa umetulia huioni. Ukija kuuvuta kutoka ubavuni, misokoto yote inakimbilia mbele kutafuta pa kutokea, na waya unajinyonga. Chukua mpira wa kumwagilia bustani ujaribu sasa hivi, utaona.

Lida ya mita 2.7 ukiikunja kwa vidole vinne ni mizunguko kumi na zaidi. Hesabu mwenyewe.

Dawa ni namba nane. Nyoosha kidole gumba na kidole kidogo, uzi unapita kati ya vidole viwili kwa kukata msalaba katikati ya kiganja. Upande mmoja unasokota kulia, upande wa pili unasokota kushoto, vinafutana. Anza na mkia mwembamba, malizia na kichwa kinene. Ukibakiwa na sentimita 30 hivi za kichwa, zungushia kiunoni mwa ile nane mara tano au sita, penyeza kitanzi kwenye tundu la juu, kaza taratibu. Ukifika ziwani unaunga kitanzi cha lida na kitanzi cha uzi mkuu kwanza, ndipo unafungua kiuno. Inateremka yenyewe.

#8 Kitongoji_cha_Bwiru
Naunga mkono namba nane. Mama mkwe wangu anakunja sufu za kufuma hivyo hivyo.

#9 Sangara_wa_Usiku
Mnazunguka tu. Hapa mwenye kesi ni nailoni.

Nailoni ina kumbukumbu. Ilitengenezwa na Wallace Carothers mwaka 1935 na tangu siku hiyo haijaacha tabia: ukiilaza kwenye duara dogo, na hasa mahali pa joto, inaamini hilo ndilo umbo lake la kuzaliwa. Kopo la bati juani juu ya mawe ya Igombe ni oveni. Ukiifungua hainyooki, inabaki springi, na springi kumi na moja zikiwekwa pamoja zinaingiliana. Hata ungezikunja kwa namba mia nane.

Mimi navua sangara, na lida zangu si za sato. Mdomo wa sangara ni msasa, ukimshika kwa kidole gumba bila kitambaa unatoka na ngozi imechubuka, na kwenye kifuniko cha shavu ana ukingo unaokata. Hana meno ya kukata uzi kama wale samaki wenye meno kama misumari wa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo waya hauhitajiki, ila mkiani naweka nailoni ya kubeba kilo 30 yenye unene wa karibu milimita 0.8 au zaidi. Kitu cha unene huo ukikikunja kwenye duara la vidole vinne ukakiacha wiki, utakikuta kimegeuka bangili.

Kwa hiyo duara kubwa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, tupu, imefungwa kifuniko. Lida inazungushwa kwa nje, haikazwi, inashikiliwa na mikanda ya tyubu ya baiskeli juu na chini. Chupa moja inabeba lida tatu zikitenganishwa na mikanda. Na kabla ya kurusha naishika ncha zote mbili naivuta polepole nikihesabu mpaka kumi. Ikigoma, maji ya vuguvugu kwanza.

#10 Nyota_ya_Ukerewe
Hamia kwenye fluorokaboni mkuu, haina kumbukumbu na samaki hawaioni.

#11 Sangara_wa_Usiku
#10 hapana. Fluorokaboni nayo ina kumbukumbu, na kwa unene ule ule mara nyingi ni ngumu kuliko nailoni. Kutoonekana sana kuna ukweli, kwa kuwa inapinda mwanga kwa kiasi kilicho karibu zaidi na cha maji. Hainywi maji na jua haliiharibu haraka kama nailoni. Lakini ni nzito: sentimita moja ya ujazo ni gramu 1.78 hivi, nailoni ni 1.14. Kasia_Refu anavua sato kwa chambo kinachoelea. Ukimpa lida inayozama itamzamisha na chambo chake.

#12 Nyota_ya_Ukerewe
Nimeelewa. Shukrani.

#13 Mama_Cherehani
Wanangu, nimeingia humu kwa sababu ya neno uzi, nikajua mnaongelea cherehani. Nimesoma mpaka hapa na nimeona ni kazi yangu kabisa.

Nina nyuzi za kutarizi zaidi ya mia mbili kwenye kabati na hakuna hata moja iliyoshikana na jirani yake. Siri yake haina maajabu. Kila uzi una kadi yake, kila kadi ina mkato pembeni wa kubania ncha. Ncha ikishabanwa, uzi hauna mkono wa kumshikia mwenzake. Mwalimu kasema ncha ndiyo inayosuka, nami nakubaliana naye. Mfunge ncha.

Halafu kila kadi inaingia kwenye kifuko chake cha nailoni, vile vya kubana mdomoni vinavyouzwa kwa dazeni pale Makoroboi. Juu ya kifuko naandika kwa kalamu ya wino mzito. Wewe andika urefu na unene. Toboa pembe ya juu, pitisha pete moja kwenye vifuko vyote, unavipekua kama kitabu. Ukitaka kimoja, vingine havitikisiki.

Na wewe Mzee_wa_Kayenze, lile beseni nimelipenda sana.

#14 Mzee_wa_Kayenze
Wabeja mama.

#15 Kasia_Refu
Mama Cherehani shikamoo, na asante. Wazo la pete limenikaa. Swali: kadi si itavunja lida kwenye kona? Kadi ina kingo mbili, kila mzunguko unapinda mara mbili kwa pembe kali.

#16 Mama_Cherehani
Marahaba mwanangu. Uzi wa pamba haujali kona. Wenu huo sijui. Basi acha kadi, tumia kifuko peke yake na uzi ukiwa kwenye duara lake.

#17 Dogo_wa_Capri_Point
Ndala! Sijaona mtu ametaja ndala.

Chukua ndala iliyochakaa, ile ya sponji laini. Ioshe, ianike. Kata kipande urefu wa kiganja, upana vidole vitatu, kingo uzipige msasa ziwe za mviringo. Chana mikato midogo kwa wembe, mmoja kila mwisho. Chomeka ndoano ya chambo katikati, zungusha lida kwa urefu wa kipande bila kukaza, kichwa kinene unakibana kwenye mkato wa mwisho. Unaandika kwa kalamu juu ya sponji. Ikikuanguka majini inaelea!

Ninavyo kumi na vinne, kaka yangu kanikatia vya rangi tofauti. Bluu sato, nyekundu sangara.

#18 Sangara_wa_Usiku
Dogo hapo kwenye kuelea umetupiga bao, chupa yangu tu ndiyo inashindana nawe. Ila usiache chambo kimechomekwa kwenye sponji bichi. Maji ya ziwa ni maji baridi, hayana chumvi kama bahari, lakini ndoano inashika kutu hivyo hivyo. Tundu la ndoano kwenye sponji linashikilia maji palepale penye ncha. Nilipoteza sangara mzuri kwa ndoano iliyolika kwa ndani, nje inang'aa. Kausha kwanza, au hifadhi lida bila chambo.

#19 Dogo_wa_Capri_Point
Sawa kaka. Nimeenda kuangalia sasa hivi, tatu zina kutu. Nimezitoa.

#20 Fundi_Umeme_Igoma
Ndala ni duara bapa, msokoto uko pale pale. Ukizungusha kipande chenyewe badala ya kuzungusha uzi ndipo msokoto hauingii, na wakati wa kufungua uzungushe kipande vile vile, usivute uzi kutoka ubavuni. Hapo nakubali.

#21 Nyota_ya_Ukerewe
Jamani hizi namba zenye X zina maana gani? Niliambiwa 5X ni ya samaki wa kilo tano.

#22 Msafiri_Rubondo
Si kilo. Nafanya kazi ya kupeleka wageni kuvua, swali hilo naulizwa kila wiki.

Zamani kabla ya nailoni, lida zilitengenezwa kwa kile kilichoitwa utumbo wa kiwavi wa hariri, ingawa kwa kweli ni tezi zake za hariri. Ili kuupunguza unene waliuvuta kupitia tundu kwenye bati, na kila mara ukivutwa unakuwa mwembamba zaidi. X zilihesabu idadi ya kuvutwa. Leo ni kipimo cha unene tu: chukua 11, toa namba ya X, unapata elfu za inchi. 0X ni 0.011 ya inchi, karibu milimita 0.28. 5X ni 0.006, karibu 0.15. Namba ikipanda, uzi unapungua. Unabeba kilo ngapi inategemea umetengenezwa na nini.

Na kwa mada yetu: ule utumbo wa hariri ukikauka ulikuwa mgumu na ukipindwa unakatika. Kwa hiyo wavuvi walizihifadhi lida ndani ya vikopo bapa vyenye vitambaa vibichi, zikiwa zimelowa. Ndio maana mpaka leo baadhi ya pochi za lida zina kurasa za kitambaa laini. Nailoni ilipokuja, kile kitambaa kibichi kikawa hakina kazi, pochi ikabaki. Mimi natumia pochi ya namna hiyo, kurasa kumi za plastiki, lida moja kila ukurasa. Ni ile ile hoja ya Mama Cherehani.

Ila nina dhana nyingine. Kasia_Refu, lida zako unanunua au unaunga mwenyewe?

#23 Kasia_Refu
Naunga mwenyewe. Za dukani ni za kuagiza na bei yake siiwezi. Asilimia 60 nailoni nene, 20 ya kati, 20 ya mkia. Mara nyingi vipande vitano, mafundo manne.

#24 Msafiri_Rubondo
Ndiyo hayo. Za kiwandani ni uzi mmoja uliochongwa kuanzia nene mpaka nyembamba, hauna fundo hata moja. Zako kumi na moja ni mafundo arobaini na manne, na kila fundo lina vishikizo viwili ulivyobakisha ulipokata. Pitisha lida kwenye midomo yako taratibu, utazisikia kama miiba ya sato mdogo. Zikikaa pamoja kila mwiba unakamata mzunguko wa jirani. Hapo si bodaboda wala si msokoto.

Kata vishikizo karibu kabisa na fundo, halafu paka tone dogo la gundi ya papo hapo juu yake liteleze. Lisukume kwa kucha kuona kama linakwama. Likikwama, tone jingine.

#25 Mwalimu_wa_Fizikia
Hoja ya mafundo ni nzuri, sikuifikiria. Lakini uzi wa San Diego haukuwa na fundo hata moja na bado ulijifunga.

#26 Fundi_Umeme_Igoma
Na waya wangu hauna fundo na bado unajinyonga.

#27 Msafiri_Rubondo
Na lida zangu za kiwandani zimekaa miaka kwenye pochi, kwenye boti lenye injini, hazijawahi kushikana.

#28 Mama_Cherehani
Kwa sababu kila moja iko kwenye ukurasa wake, mwanangu.

#29 Mpenda_Lugha
Naomba nafasi ndogo nje ya mada. Angalieni neno. Uzi *umetata*. Anayeuweka hivyo *anautatiza*. Hali yenyewe ni *tatizo*. Kuufungua ni *kutatua*. Kila siku tunasema kutatua matatizo ya nchi, na neno tunalotumia ni la mtu aliyekaa juu ya jiwe na uzi uliojifunga.

#30 Mzee_wa_Kayenze
Umenirudisha kwenye beseni la baba.

Na mbinu ya kutatua ni hiyo hiyo: usivute. Anayevuta anakaza. Unalegeza, unapanua tundu moja moja, unatafuta mahali uzi unapolala juu ya wengine wote, unaanzia hapo. Vidole vikiwa vinene tumia sindano ya kushonea nyavu.

#31 Sangara_wa_Usiku
Nyongeza kwa Mzee: ukishatatua, pitisha uzi wote kati ya kucha mbili. Ukikuta kifundo kidogo kimekaza mkiani, kata kipande hicho. Fundo la kawaida lililojifunga lenyewe linaweza kupunguza nguvu ya uzi hadi karibu nusu. Usiseme "kitavumilia". Hakitavumilia.

#32 Mlinzi_wa_Mwalo
Nimesoma yote na nina jambo moja zito. Kasia_Refu kasema tisa alizikata kwa mkasi. Vipande vilienda wapi?

Nauliza kwa sababu mwaka jana, kwenye mawe ya upande wa Saanane, tulimkuta ndege, mnandi, amening'inia kwenye kichaka, mguu mmoja umezungukwa na uzi mwembamba kama huo wenu. Alikuwa hai. Tulimfunika kichwa kwa fulana, tukakata uzi kwa wembe, ulikuwa umeingia kwenye nyama mpaka mfupa unaonekana. Aliruka akaenda, sijui kama alipona. Ule uzi ulikuwa wa urefu wa mkono wangu tu.

Watu wanajua timba, zile nyavu za nailoni, ni haramu, na moja ya sababu ni kwamba nailoni ile ya uzi mmoja haiozi. Wavu ukipotea unaendelea kuua samaki bila mwenyewe. Lida ni timba ya mtu mmoja.

#33 Kasia_Refu
Niliviweka kwenye kopo lile lile nikarudi navyo nyumbani. Naapa. Ila nimewahi kuacha vipande siku za nyuma, kabla sijajua, na habari ya mnandi imenichoma. Nyumbani navikata vifupi vifupi kabla ya kutupa.

#34 Mlinzi_wa_Mwalo
Asante ndugu yangu. Fupi kuliko kidole, tafadhali.

#35 Kitongoji_cha_Bwiru
Msafiri_Rubondo, hivi mtu wa kawaida anaruhusiwa kuvua kule?

#36 Msafiri_Rubondo
Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, iko chini ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA. Uvuvi wa kibiashara hakuna. Wa burudani upo kwa kibali cha hifadhi na una masharti yake, uliza kwao kabla ya kufunga safari. Nje ya hifadhi ulizia ofisi ya uvuvi ya halmashauri yako.

#37 Kasia_Refu
Wakuu nimerudi. Nimefanya jaribio.

Lida kumi na mbili, zote nimeziunga kwa kipimo kimoja, mita 2.7, mafundo manne manne. Tatu nimekunja namba nane kama Fundi. Tatu kwenye vifuko vya Mama, moja moja, kwa pete. Tatu kwenye ndala za Dogo. Tatu nimezikunja duara kama zamani nikazitupa kwenye kopo. Zote kwenye begi moja, siku sita, bodaboda kwenda kazini na kurudi. Ya saba nilizifungua juu ya meza, mke wangu anaandika.

Vifuko: hakuna iliyoshikana. Ila zote tatu zilikuwa springi, nikazivuta kwa kuhesabu kumi, mbili zikanyooka, moja ikagoma mpaka maji ya vuguvugu.

Namba nane: mbili ziliteremka kama alivyosema, nilifurahi mpaka nikarudia. Ya tatu kiuno kililegea ndani ya begi, ikafunguka, ikajifunga na zipu.

Ndala: hakuna iliyoshikana. Kila inapozunguka mwisho wa kipande kuna kona, na mkiani penye milimita 0.15 kona zile hazikutoka kabisa. Kipande kimoja nilikata kwenye ndala ambayo sikuuliza ni ya nani, na hilo limezungumzwa nyumbani.

Kopo: hapa ndipo nilipochoka. Nilitegemea kiota. Moja tu ndiyo ilikuwa na fundo. Mbili zilitoka safi.

#38 Mwalimu_wa_Fizikia
Moja kati ya tatu! Siku ile zilikuwa kumi na moja. Tatu zina jozi tatu za kukutana, kumi na moja zina jozi hamsini na tano. Hiyo ndiyo hesabu yako.

#39 Fundi_Umeme_Igoma
Namba nane iliyofunguka ni kosa la kiuno, si la nane. Ulizungushia mara ngapi?

#40 Kasia_Refu
Tatu.

#41 Fundi_Umeme_Igoma
Nilisema tano au sita.

#42 Sangara_wa_Usiku
Na kopo safari hii lilikaa kivulini ndani ya begi. Siku ya Igombe lilikuwa juani juu ya jiwe. Rudia na jua.

#43 Msafiri_Rubondo
Safari hii ulikata vishikizo vya mafundo?

#44 Kasia_Refu
Ndiyo, nilikata baada ya kukusoma, na gundi nilipaka. Zote kumi na mbili.

#45 Msafiri_Rubondo
Basi jaribio hilo limepima mambo mawili kwa wakati mmoja, mkuu.

#46 Mama_Cherehani
Vifuko havijashikana hata kimoja. Nasema tu.

#47 Dogo_wa_Capri_Point
Na ndala.

#48 Mzee_wa_Kayenze
Mwanangu Kasia_Refu, Jumamosi njoo Kayenze na lida zako, nitakutolea beseni. Lipo bado, mpira wa ukingoni nilishaubadilisha mara mbili. Tuchome mikia yote ukingoni tuone.

#49 Kasia_Refu
Nakuja Mzee. Nitakuja na tatu zenye vishikizo na tatu zilizokatwa, halafu tuliache juani kama alivyosema Sangara. Dogo, kama una ndala pana zaidi, ya mtu mzima, niwekee moja. Mduara wake mkubwa huenda ukaondoa zile kona.

#50 Dogo_wa_Capri_Point
Ninayo namba 44, ya baba. Nimeshamuuliza.